Gitaa Lililofuata Picha

"Papa, shika," nilimwambia, nikamwekea gitaa la besi mapajani, na papo hapo nikaona nimeharibu. Shingo ya gitaa nilikuwa nimeielekeza kushoto kwake, kama ilivyo kwa wapigaji wote niliowahi kuwaona. Mkono wake wa kulia, uliokufa tangu kiharusi, ulianguka juu ya nyuzi kama kitambaa kibichi. Akafumba macho. Dominique, mgeni wetu, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kochi, akatazama saa yake.

Ilikuwa mwaka juzi, na Dominique, mtoto wa Lubumbashi aliyekulia Bruseli, alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Makomeno mjini humo humo, kwa ajili ya santuri moja tu. Ilirekodiwa mjini hapa miaka ya sabini na vijana wa mtaani waliopenda ile rock ndefu ya Waingereza, ambayo wimbo mmoja humaliza upande mzima. Kampuni yake ilitaka kuitoa upya. Jalada lilikuwa linaingia mtamboni wiki ile ile, na lazima liseme nani alipiga besi, tena kwa gitaa gani.

Papa alituambia maisha yake yote kwamba ni yeye, tena kwa gitaa hili hili. Lakini picha pekee ya kundi lile, ya gazeti, yenye uso uliofifia, ilionyesha mpigaji wa mkono wa kushoto. Na Sudi, baba yangu, alikula kwa mkono wa kulia, aliandika kwa wa kulia, na makofi yote niliyokula utotoni yalitoka kulia.

"Mama Djamila," Dominique alianza kwa upole, "huku bantu bote banasema gaucher, wa mukono ya kushoto, alikuwa moya tu, marehemu Mulenga. Na gitaa, fundi wetu wa sauti anasema iko ya kutoka Amerika."

"Papa njo alipiga," nilisema.

"Sikatae, mama. Lakini miye nitaandika nini? Photo inasema ingine."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeanza kutia shaka. Kiharusi kilikuwa kimembakizia Papa maneno machache mno, hangeweza kujitetea. Angekufa akijulikana kuwa mwongo, na mimi, mwanawe kipenzi, ndiye niliyemwita mtu aje amvue nguo sebuleni kwake.

Nilipokuwa mtoto, Jumapili ilikuwa siku ya mtihani. Papa aliweka santuri ya Waingereza, akaniziba macho kwa kiganja, akauliza, "Hii besi iko ya aina gani?" Ile inayokwaruza kama kisu kwenye bati ilikuwa Rickenbacker. Ile ya mviringo, inayokaa tumboni, ilikuwa Fender. Nikikosea nilipata konzi ndogo ya utani. Mwisho aliweka santuri ya kundi lao wenyewe, na mimi nikisikia besi ile nzito, yenye noti moja inayokufa kabla ya wakati wake, nilipiga kelele kwa fahari, "Ya babu!"

Babu Aboubakar alikuwa seremala, mzee wa Kasongo, fundi wa milango na vitanda. Kwake muziki ulikuwa kazi ya wavivu, na alikataa katakata kumchongea mwanawe gitaa. Kisha siku moja akarudi na ubao mwekundu wa mukula begani, akasema tu, "Leta ile picha." Picha yenyewe ilikuwa jalada la santuri ya Waingereza: mpigaji amesimama na besi yake mbele ya ngoma kubwa. Babu aliifuata kwa rula na penseli, pembe kwa pembe, hadi mahali pa skrubu. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kunyoosha kila kitu. Mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia la bukari, ugali wetu, mwiko ulimshukia, awe wa nyumbani au wa jirani.

"Bon, mama," Dominique alisema akifunga mkoba, "tusimuchokeshe muzee."

Nikasikia mti wa gitaa ukigonga mkono wa kiti. Papa alikuwa amelikamata gitaa kwa mkono wa kushoto na alikuwa analigeuza. Nilimkimbilia nikidhani linamponyoka.

"Hapana," alisema, na lilikuwa neno safi kabisa.

Aliligeuza hadi shingo ikaelekea kulia. Pembe ndefu ya gitaa ikakaa kifuani pake, vifungo vya sauti vikaja chini ya kiganja chake. Nimelifuta vumbi gitaa lile miaka mingi, na sikuwahi kuliona limetulia namna hiyo.

"Dominique, weka muziki," nilisema.

Simu yake ikaanza kuimba santuri ile. Vidole vya kushoto vya Papa vikaingia pamoja na besi, juu ya nyuzi zilizolegea na kuota kutu, katika ule mdundo unaochechemea ambao hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuweza kuupigia makofi. Besi iliponyamaza, vidole vilinyamaza. Ilipoitangulia ngoma, vilitangulia. Dominique aliuweka mkoba chini.

Kisha Papa akanionyesha shingo ya gitaa kwa kidevu. Nikabonyeza uzi kwa kidole.

"Juu," alisema. "Juu tena."

Nilifika penye fundo la mti. Papa akakwanyua, na noti ikazaliwa ikafa hapo hapo. Punde tu, kwenye simu, noti ile ile ikafa vile vile. Dominique alirudisha nyuma, akasikiliza mara ya pili.

"Njo hii," alisema polepole. "Gitaa njo hii."

Nilicheka huku nalia. Lakini mkono wa kushoto ulitoka wapi? Niliinua macho ukutani, ambako lile jalada alilolifuata babu lilining'inia ndani ya kioo. Maandishi ya kwenye ile ngoma niliyadhani ni Kirusi tangu utoto wangu. Sasa niliyasoma kuanzia mwisho, na kilikuwa Kiingereza cha kawaida. Waliochapa walikuwa wameigeuza picha, kulia ikawa kushoto. Na babu, aliyekuwa hakosei kipimo, alimchongea mwanawe wa mkono wa kulia gitaa la mkono wa kushoto.

"Papa," nilimnong'oneza sikioni, "ulijifunza kupiga gauche juu babu asijue alikosea?"

Alikuwa anaupapasa ule ubao mwekundu kwa kidole gumba. Babu tulimzika nikiwa bado shule ya msingi.

"Usimuambie," alisema.

"Sitamuambia, Papa."

Dominique alikuwa ametoa kalamu. "Basi miye naandika Sudi," alisema. "Kumbe muzee alikuwa gaucher?"

Papa alinitazama.

"Andika," nilisema. "Gaucher wa kuzaliwa."