Vigingi vya Bwawa

Jumanne walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye ukuta wangu wa mbele, wakaenda zao bila hata kubisha hodi. Nilikuwa ndani nakunywa chai. Nilipotoka, rangi ilikuwa bado inachuruzika. Maana ya X kila mtu bondeni kwetu anaijua: nyumba hii itamezwa na bwawa linalojengwa, mwenye nayo afungashe.

Nyumba hiyo nimeijenga kwa mikono yangu. Mimi ni fundi mwashi, na kuta zangu hazijawahi kupinda. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Kila msingi tuliopima, yeye alishika ncha moja ya mpira wa levo, mimi nyingine. Si kitu cha ajabu. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaujaza maji, na popote mtakaposimama maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja. Alipofariki niliuning'iniza msumarini. Na alifariki kwa sababu gari la wagonjwa siku hiyo lilikuwa limebeba viti vya mkutano wa mkubwa mmoja. Hilo nalisema kila mahali, na hapa nalisema tena.

Basi mtu kama mimi akiona X ukutani, haulizi mara mbili nani mkosaji. Nikatazama ng'ambo ya njia, nyumba ya mwenyekiti wetu. Iko chini yangu kwa hatua thelathini. Mvua ikinyesha, maji yangu yote hupita uani kwake. Kwake hakuna X. Ukuta mweupe kama yai.

Yaani maji ya bwawa yatamruka mwenyekiti, yapande mlima, yanifuate mimi.

Nilikwenda kumwambia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi cherehani nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hakuinua macho kwenye mshono.

"Labda yana adabu, shemeji. Yanawapisha viongozi."

"Wewe cheka. Nikifukuzwa nahamia kwako."

"Kwangu hapana. Unavyokoroma, majirani watahama hata bila bwawa."

Jumamosi mpima ardhi alikuja kusikiliza malalamiko darasani, pale shuleni. Kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia, kisha nikamwambia yangu yote mbele ya watu, na mwenyekiti kakaa hapo pembeni yake.

"Mzee wangu," akasema, "X zinafuata vigingi. Nyumba iliyo chini ya kigingi inapigwa X, iliyo juu inaachwa. Na vigingi tulivipiga sisi wenyewe, kwa kipimo, miezi mitatu iliyopita."

"Basi vigingi vyenu vimeota miguu."

Watu walicheka, lakini wengi walicheka wakitazama sakafu. Sikuelewa kwa nini.

"Leta hicho kipimo tupime tena," nikamwambia.

"Chombo kiko na wenzangu bonde la pili. Mpaka mwezi ujao."

"Mwezi ujao mimi nitakuwa kambale. Hakuna alama yenu hata moja ambayo mtu hawezi kuing'oa?"

Akafikiri. "Ipo nguzo ya zege, hapo nje ya darasa. Mstari mwekundu uliochorwa juu yake ndio kimo cha maji."

Hiyo ilinitosha. Nilikwenda nyumbani, nikautoa mpira msumarini, nikaujaza maji, nikarudi. Nikaomba mtu wa kushika ncha ya pili.

"Si shemeji yako yupo," akasema mama muuza mboga.

"Nina nguo za watu," akajibu shemeji.

"Nguo hazina miguu. Simama," mama akamkata.

Akasimama kama anayekwenda kung'olewa jino. Nikadhani uchungu wa dada yake umemrudia, nikamwonea huruma.

Tulianzia kwenye nguzo. Mimi naweka maji kwenye mstari, shemeji anatangulia hatua ishirini na ncha yake. Pandisha. Shusha kidogo. Hapohapo. Mpima anachomeka kijiti, nami nasogea mpaka kwenye kijiti, tunaanza tena. Kijiji kizima nyuma yetu kama tunapeleka posa.

Kigingi cha kwanza tulikikuta juu ya mstari kwa kimo cha mtoto. Cha pili kilikuwa chini, katikati ya mchicha wa muuza mboga. Cha tatu kimesimama nyuma ya choo cha mtu. Mpima akachuchumaa, akakichunguza.

"Mbona kina alama ya kamba shingoni?"

Mbuzi akalia mahali fulani.

"Mwanangu," akasema muuza mboga, "nyinyi mlileta mti mgumu, umenyooka, umechongwa vizuri, mkauacha porini peke yake. Na sisi tuna mbuzi."

Hapo ndipo yote yalipomwagika. Karibu kila nyumba ilikuwa imechukua kigingi kimoja ikafungie mbuzi. Jumapili ile kabla ya X, mwenyekiti akatangaza kwamba atakayekutwa na kigingi cha serikali atalala ndani, na kabla ya kula cha jioni vyote vilikuwa vimerudishwa, kila mtu pale alipodhani. Jumanne wale vijana wa rangi wakavifuata. Mimi sifugi, kwa hiyo sikujua lolote.

Tukafika kwangu. Mstari wa kweli ulipita shubiri nne chini ya baraza langu. Nyumba nzima kavu. Kigingi kilichoniua kilikuwa nyuma, juu ya jiko, na shingoni kimebaki na kipande cha kamba iliyosukwa kwa vitambaa vya bluu. Vitambaa vya fundi cherehani.

"Shemeji," nikasema.

"Sema taratibu, maji yanatikisika."

"Kigingi hiki ni chako."

"Ni cha serikali. Mimi nilikiazima tu." Akajifanya anatazama maji. "Nilijua kilikuwa karibu na nyumba yako. Upande ndio nilisahau."

Siku nne nilikuwa nimeandaa matusi, lakini niliyashona kwa vipimo vya wakubwa, na shemeji hayakumwenea. Nilicheka mpaka maji ya mpira yakanimwagikia miguuni, tukalazimika kuujaza upya.

Tulipoendelea, mstari ulipita dirishani kwa mwenyekiti, usawa wa pazia. Watu wakageuza macho kwa heshima.

"Mke wangu ana mbuzi watatu," mwenyekiti akasema polepole. "Tulichanganya."

Vigingi vyote vitatu vilirudi chini ya nyumba yake, hata kimoja hakikukosea kikaenda juu. Mbuzi wenye bahati hiyo mimi sijawahi kuwaona. Lakini nilimtazama anavyopima kwa macho nyumba yake na maji yatakapofika, nikakuta sina la kumwongezea.

Bwawa lenyewe lipo palepale, tusidanganyane. Mchicha wa muuza mboga unazama, na zipo nyumba nyingine zitakazozama kwa haki ya kipimo. Muuza mboga kamwambia mpima kwamba Jumatatu watampeleka hukohuko kwa wakubwa wake akaeleze wao watalima wapi, naye kakubali, nadhani kwa kuwa alizungukwa. Mimi nitakwenda nao. Wakubwa wanapenda sana kusema na mtu mmojammoja.

Kabla hajaondoka, mpima alisimama mbele ya ukuta wangu akaandika kwenye daftari.

"X hii inafutwa, mzee. Lakini usiiguse. Subiri barua ya ofisi."

"Barua itakuja lini?"

"Kwa kawaida, ndani ya miezi sita."

Vumbi la gari lake lilikuwa halijatulia nilipokoroga chokaa. Shemeji akaninyang'anya brashi, akasema dhambi ni yake na kazi ni yake. Nikaleta kiti, nikakaa kumsimamia.

"Pale juu hujafikisha."

"Na ile barua, shemeji? Hatusubiri?"

"Ikija itakuta ukuta umekauka. Pale juu, nimekwambia."