Mafuta ya Kukamulia

Mama alinukia mafuta ya kukamulia. Tulikuwa mezani, chai imeshamiminwa, naye alikuwa ameoga na kubadili nguo tangu atoke bandani. Harufu ile ilikuwa ya chuchu za Bibi Harusi, ng'ombe wetu mwenye madaha, si ya blauzi safi ya mama yangu.

Tena kopo la mafuta lilikuwa jipya juzijuzi tu, na tayari nilikuwa nakwangua chini. Ng'ombe wa kukamuliwa alikuwa mmoja.

Kabla ya kukamua, mama alikipapasa kiwele chote kwa viganja, taratibu, akitafuta joto au uvimbe. Akiukuta, alikikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akapaka mafuta. Mimi, niliyemsaidia kukagua na kupaka mafuta, nilikuwa na haraka ya kupeleka maziwa shule ya chekechea, na kila asubuhi aliniuliza lile lile: "Umemkagua kwanza?" Wapo watoto waliofika pale matumbo matupu, na kikombe chetu ndicho kilichowasimamisha mpaka mchana. Kwa maziwa yale mama hakuwa na mchezo.

Kisha muuguzi akaja kituo cha maziwa kuzungumza na sisi wafugaji wanawake kuhusu saratani ya matiti. Tuliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukichekacheka kwa aibu. Mama ndiye aliyeongoza utani. Aliuliza kama na waume nao wakaguliwe kabla ya kufunguliwa mlango. Muuguzi alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akasema tusingoje maumivu, maana uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.

Mkono wa mama ulipanda kifuani, ukarudi magotini haraka.

Njiani, madebe matupu yakigongana, nilimuuliza.

"Mama, yale mafuta unampaka nani?"

"Ng'ombe kiwele kikimuuma anapiga mateke," akasema. "Mimi kivimbe changu hakiniumi, mwanangu. Nikajua kitapita."

Nilitaka kumgombeza, nilitaka kumkumbatia, na mikono yote ilikuwa na madebe. Yeye akaanza visingizio: Bibi Harusi hakubali kukamuliwa na mtu mwingine, na watoto wa chekechea watakunywa nini akilazwa? Nikamwambia nitakamua mimi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaguna. Lakini kesho yake tulikwenda hospitali.

Ilikuwa saratani kweli. Walimfanyia upasuaji, nami nikabaki na ng'ombe. Bibi Harusi alinipiga teke, akamwaga ndoo, akanigeuzia mgongo. Nikavaa koti la mama la bandani, lenye jasho lake na harufu yake, ndipo akatulia kama vile hatujawahi kugombana. Maziwa yalipopungua, wanawake wa kituoni walijaziliza, na hakuna mtoto aliyekosa kikombe. Wao wenyewe walikwenda kupimwa kwa kundi, wakitaniana foleni nzima.

Majibu ya mwisho tuliyapokea koridoni. Daktari alikuwa na mengi ya kueleza kuhusu dawa zilizobaki, lakini alianza na neno moja.

"Mmewahi."

Niliketi sakafuni pale pale nikalia, mama akiniambia niinuke, nitachafua koti lake.

Sasa nywele zake zimejaa mvi, na Bibi Harusi ameacha mjukuu mwenye madaha yale yale. Koti limekuwa langu. Mama huketi kwenye kigoda mlangoni mwa banda, miguu kainyoosha, na hakuna anayepita na maziwa bila ruhusa yake.

"Umemkagua kwanza?"

"Nimemkagua."

"Na wewe?"

"Nimejikagua, mama."

Ndipo hukunja miguu, nami nikapita na maziwa ya watoto.