Pipa la Zita

Tangu Zita aende Dar es Salaam kumlea mjukuu, nyumba ya mumewe, Thadeus, kule mlimani juu ya mji wa Mkuu, ilikuwa imenyamaza. Alikuwa amekwenda kwa binti yao Violet, akisema atarudi mtoto akikaza shingo. Mtoto akakaza shingo, akatambaa, akaanza na kuimba nyimbo za redioni, bibi bado yuko huko huko. Alipokuja Krismasi kusalimia, aliketi kwenye kigoda akisikiliza migomba, kisha akasema, "Baba Violet, huku kimya mno. Mwenzio nimezoea kelele."

Zita alipoondoka, Thadeus alivuta kutoka chini ya kitanda redio mbovu alizokuwa akiokota huku na huku, akaanza kuunda amplifaya. Zita akija tena akute muziki, huenda akabaki.

Hakuna aliyemfundisha. Alipasha kipande cha shaba kwenye makaa, akakigusisha kwenye risasi ya kuunganishia nyaya, na ule moshi mchungu ulipompanda puani alisahau kuwa sufuria ya jikoni ilikuwa na chakula cha mtu mmoja. Alipenda kuona risasi inavyong'aa ikiyeyuka, halafu inavyofifia ikipoa. Alipokosea alifumua na kuanza upya. Hapakuwa na wa kumharakisha. Siku alipounganisha betri ya gari na spika ikakoroma, hata kabla ya muziki, alicheka peke yake mpaka ng'ombe zizini akaacha kutafuna.

Likabaki kasha. Kila ubao mwembamba aliojaribu ulitetemeka na kuharibu besi. Nyuma ya jiko palikuwa na pipa la mbao ambalo Zita alichachushia mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi; lilikuwa kavu tangu aondoke. Alilitoboa taratibu kwa msumeno, akafunga spika, akajaza ndani majani makavu ya migomba ili sauti isigongegonge. Kanda ya kwaya ilipoanza, ilikuwa kana kwamba wanakwaya wenyewe wamesimama uani.

Krismasi iliyofuata wakaja wote, Zita, Violet na watoto. Jirani yao Basili alitokea mgombani akipaza sauti, "Thadeus! Bendi umeificha wapi?"

"Babu, hii redio au mzinga wa nyuki?" aliuliza Brenda, mjukuu wa Thadeus.

"Sogeza sikio. Ukiumwa, ni mzinga."

Watoto wakacheza mpaka vumbi likatimka. Zita naye akajifunga kanga kiunoni, akaingia katikati, na Thadeus akamtazama kwa furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Kisha Zita akasogea karibu na spika. Akanusa. Akapitisha kiganja kwenye pete za chuma.

"Hili si pipa langu?"

"Lilikuwa limekaa tu, Mama Violet."

"Nimepitia Himo kununua ulezi. Nilitaka nikupikie mbege wenzangu wakirudi Dar. Violet nimeshamwambia atafute msichana wa kazi."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza." Alisema kwa upole, bila kumtazama. "Nilidhani bado nina kitu changu hapa."

Thadeus alitaka kusema kwamba kazi yote ile ilikuwa kwa ajili yake. Lakini kanda ilikuwa inaimba kwa nguvu, na ni yeye aliyeifanya iwe na nguvu hivyo.

Sikukuu zilipokwisha, Zita alipanda basi pamoja na wenzake. Dirishani alisema, "Muziki wako mzuri, Baba Violet," na neno hilo lilimuuma kuliko kama angemgombeza.

Nyumbani, Thadeus aliweka kanda. Kila besi ilipopiga, harufu ya mbege ya zamani ilitoka kwenye tundu la pipa na kumfikia alipokaa. Alipoinuka kuzima, aliona mfuko wa ulezi umening'inizwa jikoni, juu, panya wasipofika. Zita hakuondoka nao.

Kesho yake aliteremka Himo kwa fundi wa mapipa. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Shikamoo, mzee wa muziki! Nikutengenezee la spika kubwa kiasi gani?"

"Marahaba. Si la spika," alisema Thadeus. "Nataka lisilovuja."