Kaboni ya Pili

Jumanne ile mlango wa bafuni ulimmeza mume wa Mama Siafu, ukakataa kumtapika kwa saa nzima na robo.

Mvua zilikuwa zimenyesha wiki mbili mfululizo, ubao ukanywa maji ukavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Mzee, ambaye alikuwa seremala na mlango huo aliuchonga mwenyewe, aliingia, akausukuma ukafunga, ukanata hapo hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tangu kiharusi kimpige. Ulimi nao hivyo hivyo. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, kiharusi kilimwachia moja tu.

"Umeanguka?" Mama Siafu alipiga kelele huku akisukuma kwa bega.

"Bado."

"Umekufa?"

"Bado!"

Mpaka majirani wanne walipokuja, wakahesabu moja mbili tatu, wakaingia bafuni wote kwa mpigo mmoja.

Habari ikamfikia mtoto wao wa kwanza kabla mzee hajakauka miguu. Akapiga simu. "Mama, Jumamosi nakuja na gari. Mnahamia kwangu. Nyumba inayomfungia Baba bafuni si nyumba."

Kwake ni ghorofa ya nne, vyumba viwili, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama Siafu aliitwa Siafu kwa sababu tangu usichana wake hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai ameketi. Kumweka ghorofa ya nne ni kumtia siafu kwenye chupa na kukaza kifuniko.

"Mlango nitaurekebisha," alisema.

"Nani? Baba?"

"Mimi."

Kijana akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Haya. Nikifika nikaufungua kwa kidole kimoja, nitageuza gari. Usipofunguka, mnapakia."

Mama Siafu akapigia maseremala. Wa kwanza akasema wiki ijayo. Wa pili akasema wiki ijayo bila shaka. Wa tatu hakupokea, naye ndiye aliyekuwa mkweli.

Basi akaenda uvunguni, akaivuta randa ya umeme ya mume wake, ile ya kupunguzia mbao. Chuma cha zamani, rangi imechunika, kizito kama mtoto wa mbuzi aliyeshiba. Akaichomeka, akabonyeza swichi. Kimya. Akaitikisa. Kimya. Akaitukana kidogo, maana wengine hawasikii mpaka watukanwe. Kimya.

Jumatano akaja fundi umeme wa mtaani, ambaye watu walimwita Shoti, na jina hilo hakulipata bure. Akafungua ubavu wa randa, akakuta mkanda umepasuka, akauweka mwingine. Visu viwili vilikuwa butu; Mama Siafu akavinoa mwenyewe kwenye jiwe, huku akitembea, kwa kuwa kazi ya kukaa ilimwashia miguu. Wakajaribu tena. Kimya.

Shoti akafungua vifuniko viwili vidogo, kimoja kila upande wa mota. "Mama, tumekwisha. Randa inakula kaboni mbili, vijiwe vyeusi hivi, ndivyo vinavyopeleka umeme ndani. Upande huu ipo. Huu mwingine pango tupu. Na za randa ya umri huu hazipatikani tena madukani."

"Imedondoka?"

"Haidondoki hii. Ina kifuniko cha kukaza kwa bisibisi. Imetolewa na mtu."

Mama Siafu akageuka kumtazama mume wake. Mzee alikuwa anakagua dari, kama mtoto aliyelamba sukari.

Hapo mambo yakamrudia moja moja. Miaka ile yote, watu wakija kuazima randa, mzee alikuwa anaguna na yeye Mama Siafu ndiye aliyekuwa anaitoa, maana mkono wake haukujua kukataa. Kesho yake mwazimaji anairudisha kichwa chini: "Samahani fundi, imekufa mikononi mwangu." Mzee anaipokea kwa huzuni, anaingia nayo chumbani, na jioni randa inanguruma. Naye alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba mume wake ana mikono ya baraka!

"Mchoyo mkubwa wewe!" alisema. "Ulikuwa unaitoa kaboni kabla sijawapa watu! Umeificha wapi?"

Nusu ya uso wa mzee ikacheka. "Bado," alisema.

Alhamisi nzima hakukukalika. Alikung'uta viatu vya mzee, akatumbua mto, akafungua redio. Mzee kwenye kigoda chake anamfuata kwa macho.

"Humu?"

"Bado."

"Humu kwenye koti?"

"Bado."

Akainua godoro, akalishusha. Akatoka nje bila sababu, akarudi bila sababu. Mara mbili alisikia gari akadhani ni Jumamosi. Mwisho, ili aweke kitu mezani, akasogeza kopo lake la vifungo.

Mzee hakusema kitu.

Mama Siafu akasimama. Akalisogeza tena. Mzee kimya, macho darini.

"Kwenye kopo langu?"

Akamwaga vifungo vyote, na katikati yake kikabingirika kijiwe cheusi. Akakitambua mara moja. Kijiwe hicho alikikuta humo muda mrefu uliopita, baada tu ya kiharusi, kina springi mkiani. Springi aliing'oa akaitupa, na kijiwe akakifanya chaki ya kuchorea pindo. Sketi za mtaa mzima zilikuwa zimepimwa kwa kaboni ya randa. Kilichobaki kilikuwa kifupi kama jino la mtoto.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Shoti alipoletewa. Akavunja kalamu yake, akachomoa springi, akaitia nyuma ya kile kipande. "Itavumilia mlango mmoja, Mama. Usiniombe wa pili."

Ijumaa mchana waliung'oa mlango kwenye bawaba, wakatoa kitasa, wakausimamisha kwa ubavu kati ya meza na ukuta. Shoti akashika mlango, mzee akaketi karibu na fimbo yake, Mama Siafu akashika randa kwa mikono miwili. Kwa haraka zake alikuwa amekizungusha kirungu cha mbele, kinachopima kina cha kukata, mpaka mwisho, ili ile nyama nyingi kwa mara moja. Fimbo ikagonga sakafu. Akapunguza. Ikagonga. Akapunguza tena, mpaka mzee akaitikia kwa kichwa.

Akabonyeza. Cheche zikaruka, harufu ya moto ikamjia puani, kisha randa ikanguruma, ikaanza kutema maranda membamba kama ganda la kitunguu. Mzee akafumba macho.

Kila Mama Siafu alipofika mwisho, mzee alipitisha mkono wa kushoto kwenye ubavu wa mlango. "Bado." Anarudia. "Bado." Anarudia. Mara ya saba akapitisha mkono, hakusema kitu.

"Basi, Mama," Shoti alisema. "Amenyamaza."

Lakini mikono ya Mama Siafu ilikuwa imeshapata moto, na Jumamosi ilikuwa kesho. "Moja tu ya kuagia," alisema. Fimbo iligonga sakafu mara tatu, na randa haikusikia. Ikaenda, ikarudi, ikatoa moshi, ikafa.

Jumamosi kijana alifika saa nne, funguo za gari zikicheza kidoleni. Hata maji hakunywa. Akaenda moja kwa moja bafuni, akanyoosha kidole, akagusa. Mlango ukafunguka. Akauvuta ufunge. Ukafunguka. Akauvuta tena, akaulazimisha. Ulimi wa kitasa haukufikia tundu lake, na mlango ukarudi ndani polepole.

"Mama, haufungi!"

"Tulikubaliana ufunguke," Mama Siafu alisema. "Habari ya kufunga hukuitaja."

"Sasa mtu akiwa ndani?"

Mzee alinyanyuka kwenye kigoda, akawapita wote wawili kwa fimbo yake, akaingia, akausogeza mlango kwa kisigino. Kijana akangoja kidogo. Kisha, kwa kuwa ni mbishi kama mama yake, akanyoosha kidole akausukuma.

"Bado!" sauti ikalia kutoka ndani.

Kijana akarudisha kidole chake. Mama Siafu alikuwa ameshafika nje, anazunguka gari akitafuta mahali pa kuligeuzia.