Stesheni ya Kitinda

Penye wazee hapaharibiki neno, lakini kwa fundi redio neno liliharibikia hapo hapo penye wazee, wakiwa wameketi kwenye benchi lao la asubuhi wanapuliza chai. Mtoto wa mwisho wa fundi, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, aliingia dukani kuchukua bisibisi, na redio zote za rafuni zikaanza kumsema.

"Anachukua bisibisi," ilisema ile ya mbao.

"Kwa mkono wa kushoto," ikajibu ya plastiki. "Hata bisibisi inamwonea haya."

Wazee walicheka. Mmoja aliomba sauti iongezwe. Fundi akaifungua ile ya mbao, kwa sababu maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutafuta hitilafu ndani ya kisanduku, na hakuona kwa nini safari hii iwe pengine. Akabadilisha spika. Sauti ikatoka safi zaidi.

Hivyo ndivyo stesheni ilivyoanza, na waliokuwapo huikumbuka kama mtu anavyokumbuka mvua za utotoni: harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, jua la asubuhi sakafuni, na mawazo ya Kitinda yakitangazwa kabla hajafungua kinywa. Akiwaza kiu, mtaa ulijua. Jioni ilikuwa zamu ya redio ndogo yenye mkanda wa ngozi. Hiyo ilisema kwa sauti ya marehemu mke wa fundi, aliyezikwa Kitinda akiwa bado ananyonya.

"Mwanangu," ilisema, "chakula hicho usile."

Fundi aliweka vyombo vyake vya kazi chini, akatega sikio. Maneno hakuyatilia maanani. Alikuwa akisikiliza sauti.

Aliyekuwa akipakua chakula hicho ni binti yake mkubwa, mpiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili, ndiye aliyemlea mdogo wake. Aliona sahani zinarudi zimejaa. Kitinda alikula mayai tu, aliyoyachemsha na kuyamenya mwenyewe, kwa maelezo kwamba yai hufungwa na Muumba. Aliacha kuoga. Hakulala. Wenzake wa mpira wakimjia, alijibana nyuma ya kabati. Sentensi aliianzia kwenye viatu akaimalizia mawinguni. Dada akamwambia baba kwamba mtoto anaumwa.

"Anaumwa vipi na sote tunasikia?" aliuliza fundi. "Kichaa husikia peke yake."

Wazee waliafiki. Mmoja alisema kijana anaringa tu, na nani atangazwe kutwa asiringe.

Siku yake ya mapumziko, dada alimshika mkono mdogo wake wakaenda hospitali. Daktari wa akili alikuwa mama mmoja mwenye mafua, na dirishani mwake palikuwa na redio.

"Anaketi," ilisema redio. "Sasa atadanganya."

Daktari akaizima. Ikaendelea. Akaifunika kwa kitambaa, akamgeukia Kitinda. Alimwuliza habari za usingizi, chakula na marafiki, na mambo hayo yalianza lini. Alimwuliza kama anavuta bangi, kama amewahi kuanguka kifafa, kama kuna wa ukoo wake aliyeugua hivyo. Akaagiza damu ipimwe. Mwisho alimwuliza kama anaogopa.

"Tangu kiangazi cha mwaka juzi," alisema Kitinda. Redio ikanyamaza kidogo kumsikiliza.

Damu haikuonyesha kitu. Waliporudi, daktari aliuliza tena yale yale, polepole, kisha akautaja ugonjwa: skizofrenia. Dada, kwa kuwa hakutaka kuficha, alimwambia kwamba zile sauti zinasikiwa na kila mtu.

"Redio ni za baba yako, mwanangu," alisema daktari, akifuta pua. "Mimi namtibu huyu asiyelala. Amechelewa kuletwa."

Dawa zilimpa Kitinda usingizi na kitambi. Hakupona kabisa, ila alikula alichopakuliwa, na siku moja akaenda kutazama mpira. Redio zikafifia wiki hadi wiki, zikabaki na taarifa za habari na matangazo ya sabuni. Ile ya mkanda wa ngozi ilibaki na mvumo tu.

Wazee wakafanya kikao kwenye benchi lile lile. Walisema mtaa umepoa. Walikumbushana kichekesho cha bisibisi mpaka machozi yakawalenga. Kitinda alikuwa kando yao akimenya chungwa, na hakuna aliyemjulia hali. Wakamwita dada yake, wakamtaka amwombe baba radhi, kwa maana amemzika mama yake mara ya pili.

Fundi alikuwa ameipakata redio ya mkanda kama paka.

"Baba," alisema binti, "mimi ndiye ninayemkumbuka mama kuliko wote mlioketi hapa. Na mimi jioni natega sikio, nasikia mvumo. Lakini yule aliyekuwa akisema usile si mama. Mama alikuwa akisema kula."

Mzee mmoja akakohoa, akamkumbusha kilichomleta.

"Radhi siombi," alisema. "Leo siombi, na kesho msiniite."