Ungo wa Kwenye Kosta

Mume wangu Ndyamukama hanunui kitu mpaka akidharau kwanza mwaka mzima. Alilidharau jiko la gesi, akaidharau simu ya kupangusa, na televisheni ndiyo aliyoidharau kuliko vyote. Ila siku alipochoka kutazama mpira kwenye vibanda umiza vya Muleba, amesimama nyuma ya vijana warefu wasiojua kuwa nyuma yao kuna mzee, alirudi akaniambia, "Mama Koku, tutafute ungo." Neno hilo nilikuwa nimelisubiri kwa sababu zangu mwenyewe.

Sisi tunaishi ndani ya gari. Nalisema mapema ili mtu asidhani amesoma vibaya. Ni Kosta ya zamani, viti tumeng'oa, nyuma kuna kitanda, katikati vyerehani viwili vinatazamana, na jiko liko pale alipokuwa akikaa kondakta. Tunashona sare za shule na majoho ya kwaya, na kazi ndiyo inayotuhamisha. Shule zikifungua tuko Kamachumu. Pasaka ikikaribia tunazunguka sharika za Kilutheri, maana hakuna kwaya inayotaka kuimba ufufuko na joho la mwaka jana. Watu wanatuita Wahaya wa magurudumu. Wanacheka, nami nacheka nao, kisha nikigeuka pembeni naumia. Mhaya bila kibanja ni mtu gani?

Na kibanja tunacho. Kipo Kitendaguro, pembeni ya mji wa Bukoba, kina migomba, kina mibuni, kina nyumba. Nyumba ya zamani ilianguka kwenye tetemeko la mwaka 2016, mchana kweupe, ikamwangukia mama mkwe wangu Alistidia, ambaye wanawe walimwita Mae. Tulimzika hapohapo kibanjani, nyuma ya migomba. Wakati ule mtaa mzima ulilala nje kwenye maturubai, na sisi tukalala kwenye Kosta, ambayo bado ilikuwa ya kubeba abiria. Majirani wakarudi ndani mmoja mmoja. Ndyamukama hakurudi. Shemeji yangu Rutaihwa akasimamia ujenzi mpya palepale, akafunga linta nene, akaingiza umeme, akatukabidhi ufunguo. Mume wangu akashukuru vizuri sana, kisha akaenda kung'oa viti vya gari. Kaburini kwa mama yake huwa anafika, anapalilia, anaondoka. Nyumba anaipitia mbali kama mtu anayempita mbwa mkali.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, hilo nalijua. Nikasema nimpe muda. Nimempa muda mpaka mvi zimeniota.

Mimi naitamani ile nyumba, wala sioni haya kusema. Natamani kufagia sakafu isiyo na mashimo ya boliti. Natamani mgeni aje nimkalishe, nimwekee kahawa ya kutafuna, naye asikae ameinamisha shingo kwa kuogopa dari. Natamani hata kugombana na mume wangu kisha niende chumba kingine. Kwenye Kosta ukinuna, mnanuna magoti yamegusana.

Ndiyo maana aliposema ungo nilifurahi. Kila ungo niliowahi kuuona ulikuwa umefungwa kwenye ukuta wa mtu. Nikajiambia, huyu mzee akinunua ungo atakuwa amenunua na ukuta wake.

Tukaenda mjini kwa Kyaruzi, kijana anayeuza ving'amuzi na kuvifunga mwenyewe. Akatuonyesha kwanza ungo mkubwa wa kufunga ukutani kwa boliti. "Huu hata upepo wa ziwani hauutikisi," akasema.

"Ndio huuhuu," nikasema.

"Utafungwa kwenye ukuta gani?" Ndyamukama akaniuliza.

"Unaujua."

Akajifanya hajasikia, akamuuliza Kyaruzi habari za antena. Kyaruzi akasema antena ni rahisi, lakini tukishuka kwenye mabonde ya Muleba tutaangalia chenga tu. Akasema kuna na chombo cha mviringo kinachojitafutia mawimbi chenyewe, kama vile wanavyofunga juu ya magari ya watalii. Akataja bei. Mume wangu akacheka mpaka akakohoa.

Mwisho kikatolewa kile nilichokuwa nakiogopa: ungo mdogo juu ya mlingoti mfupi, na mlingoti umesimikwa ndani ya rimu ya gari iliyojazwa zege. Mkifika mahali mnaushusha, mnauelekeza, mnatazama. Mkihama mnaupakia. Nikamwambia Ndyamukama kwamba ule ni mzigo, utamvunja mgongo, na kila kituo atakuwa akihangaika upya.

"Mchagua jembe si mkulima," akanijibu, akaubeba. Mimi nikabeba king'amuzi, televisheni ndogo na kinyongo changu.

Kyaruzi alitusindikiza hadi garini na kanuni moja. "Mzee, ukumbuke tu: mgongo kwa ziwa. Ungo ulipe ziwa mgongo, halafu uinue uso polepole." Hiyo kanuni kila mtu wa Bukoba anaijua. Ziwa liko jua linakochomoza, na nyungo zote za mji zinalitazama bara.

Kazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa majoho ya usharika mmoja karibu na ziwa Ikimba, lile dogo la huku bara. Tulipoegesha, Ikimba likawa upande wa magharibi. Ndyamukama akashusha rimu yake, akauelekeza ungo mgongo kwa Ikimba, akaanza kuinua na kushusha. Nilishona kola za kwaya nzima, yeye bado yupo nje anautukana mlingoti kwa Kihaya. Nikatoa kichwa dirishani.

"Baba Koku, jua la hapa linachomoza wapi?"

"Usinisumbue. Nimeambiwa mgongo kwa ziwa."

"Ziwa lipi?"

Akalitazama Ikimba. Akatazama ungo. Sisi watu wa Bukoba tumezaliwa na ziwa moja, mengine tunayaita madimbwi, lakini siku hiyo dimbwi lilimgeuza kichwa. Nilicheka mpaka nikachomwa na sindano. Alipougeuza, picha ikaja mara moja, naye akacheza kuizunguka rimu yake, mzee mzima, na mimi nikampigia makofi. Tulitazama taarifa ya habari tumebanana kitandani, mguu wake juu ya wangu. Nilikuwa na raha, na ndani ya raha hiyo nikahisi moyo unashuka. Gari sasa lilikuwa limepata kila kitu. Hakukuwa tena na kitu kilichobaki cha kumrudisha nyumbani.

Masika yakaniokoa, au nilidhani hivyo. Wiki hiyo tulikuwa Hamugembe, Bukoba mjini, kukabidhi majoho, na jua halikutoka kabisa. Betri tunayoichaji kwa sola juu ya gari ikafa. Jumapili alasiri ilikuwa mechi ya watani wa jadi, na Ndyamukama akawa anazunguka gari kama kuku anayetaka kutaga.

Nikasema, taratibu sana, "Kitendaguro umeme upo."

Alikaa kwenye usukani, akafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu, kisha akawasha gari.

Aliegesha uani, mara ya kwanza tangu msiba. Akashusha rimu, akaelekeza ungo, safari hii bila kukosea. Mimi nikafungua nyumba. Palikuwa na harufu ya saruji na ya vitu vilivyofungiwa muda mrefu. Nikaweka televisheni juu ya meza, nikachomeka, akanipitishia waya dirishani kwenye nondo, na picha ikaja. Nikavuta benchi, nikakaa. Yeye akabaki nje, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, anatazama mpira wa ndani kutoka uani.

Kipindi cha kwanza kilikwisha hivyo. Mvua nyepesi ikaanza, nikaona matone kwenye nyusi zake.

"Ingia ndani, utalowa."

"Naona vizuri hapa."

"Ndyamukama, ingia! Utaumwa kifua, nani atakuuguza? Ingia bwana."

"Usiseme hilo neno."

"Neno gani?"

"Ingia." Alilitamka polepole. "Mae alisimama hapo ulipokaa wewe. Mimi nilikuwa chini ya gari nakaza boliti. Akaniita, 'Ingia ule ndizi, ebitoke vinapoa.' Nikamwambia nakuja." Akaikaza mikono kwenye nondo. "Najua, ningeingia tungekufa wote. Mchungaji amenieleza, Rutaihwa amenieleza. Lakini nilimwambia nakuja."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Na mimi miaka yote hiyo, kila tulipopita Kitendaguro, nilikuwa namwambia neno lilelile kwa ukali, kwa utani, kwa kubembeleza. Nikasogeza benchi hadi dirishani, nikapitisha mkono kati ya nondo, nikauweka juu ya kichwa chake kilicholowa. Akauacha ukae. Kipindi cha pili kilichezwa chote nyuma ya mgongo wangu, na mpaka leo sijui nani alifunga.

"Unapendeza humo," akasema baadaye.

"Humo wapi?"

"Humo ndani. Umekaa kama mwenye nyumba."

"Ndimi mwenye nyumba," nikasema.

Kesho yake nilimkuta uani na ngazi na mashine ya kutobolea ya Rutaihwa. Alikuwa ameshauchomoa ungo kwenye mlingoti wake. "Tuufunge ukutani," akasema. "Wewe ukae ndani utazame. Mimi nitalala garini, hapahapa uani. Majoho yakitaka kushonwa, kwaya zitatuletea vitambaa."

Sikumuuliza mara mbili, nisije nikaliharibu jambo. Akaegemeza ngazi kwenye ukuta, akapanda, akabonyeza mashine. Ukuta ukanguruma, vumbi jekundu likamwagika, na vioo vya dirisha vikalia. Akashuka mbio. Akasimama katikati ya ua akiangalia juu, mashine mkononi. Nilitaka kumwambia aache, kwamba Kosta inatosha, kwamba nyumba siihitaji. Ningekuwa nimedanganya, basi nikaenda kushika ngazi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akapanda tena, akatoboa matundu yote bila kushuka.

Akanituma ndani kutazama picha wakati yeye anaugeuza ungo. Nikaenda nikasimama kwenye kona iliyo karibu naye, nikaegemeza bega ukutani. Kwanza chenga, kisha sauti bila sura, kisha akatokea mwanamke anayesoma habari, safi kabisa, mpaka hereni zake nikaziona.

"Mama Koku! Imekamata?"

Nje nilisikia viatu vyake vikisogea kwenye ngazi, na kiganja chake kikijishikiza kwenye ukuta, upande wa pili wa bega langu.

"Bado," nikasema. "Endelea kushika."