Sura ya Mwisho ya Wifi

Mhariri huyu alikuwa na balaa moja: hakuna mwandishi wa riwaya za kutisha aliyewahi kumpiga chenga. Bosi wake, mwenye kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu, alilijua hilo na akaligeuza kuwa sheria. Mswada ukiingia, sura ya mwisho anaifungia kwenye droo yake. Mhariri anasoma zilizobaki, kisha anakwenda kumtajia mhalifu ni nani. Akipatia, mswada unarudi kwa mwenyewe. Hakuna rufaa.

Safari hii mswada ulikuwa wa wifi yake, dada wa mumewe. Bosi alipoambiwa alicheka tu, akasema afadhali, maana wifi hambebi wifi. Hakujua kwamba hawa wawili walikuwa chanda na pete. Wala hakujua kwamba wachapishaji wengine wote walishamkataa wifi mtu, naye ameapa kwamba huu ukirudi hashiki kalamu tena.

Basi mhariri akaketi mezani asubuhi, roho juu. Riwaya ilikuwa ya mke mmoja anayemtunza mama mkwe kipofu. Vitu vinahamahama nyumbani: dawa, funguo, kisu. Mke anaanza kujidhania kichaa. Jamani, tamu hiyo! Chai ikapoa pembeni. Kufika sura ya tatu, mama mkwe anatoka chumbani, anakiruka kiatu kilichoachwa mlangoni. Mstari mmoja tu, unapita kimyakimya. Mhariri akashika kichwa. Huyu mama anaona!

Maskini wifi, yaani sura ya tatu tu. Mhariri angeweza kuishia hapo, lakini mkono ulikataa kufunga. Sura ya kumi, mke anamwonyesha jirani kwa ishara mahali alipoficha ufunguo wa kutorokea, mbele ya mama mkwe aliyetulia kitini, uso kauelekeza dirishani. Mhariri, mtu mzima na cheo chake, akajikuta anaziambia karatasi, "Usimwonyeshe, mwanangu." Mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kama anaumwa.

Alipomaliza, moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Angeweza kumtaja jirani, tena kwa uso mkavu, na kitabu kingepita. Alilifikiria hilo hadi mlangoni kwa bosi, tusidanganyane. Lakini kudanganya kungekuwa kukubali kwamba wifi ameandika kitendawili tu, kinachokwisha utamu kikiteguliwa, na wifi hakuandika kitendawili.

"Ni mama mkwe," alisema. "Anaona."

Bosi akafungua droo, akachungulia sura ya mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. Bahasha ya kurudishia alishaiweka tayari.

"Mwisho umeshaujua," mhariri akamwambia. "Sasa soma sura ya kumi. Ikikuacha umetulia, mswada nitaurudisha mwenyewe kwa wifi yangu."

Bosi akaipokea kwa dharau, akaanza kusoma amesimama. Ukurasa wa pili akavuta kiti. Baadaye kidogo akalegeza tai. Mhariri alisimama pale, furaha inamchemka kifuani, anajibana asicheke. Simu ikalia mezani, bosi akaruka kama aliyechomwa sindano, akaizima bila kuitazama. Mhariri akauliza taratibu: sasa ampigie wifi amwambie nini?

Bosi akainua kiganja kumnyamazisha, macho hayabanduki kwenye karatasi.

"Subiri kwanza. Huyu mama anainuka kitini."